Dakika Ishirini za Gurudumu la Nyuma

Kama unanunua pikipiki iliyokwisha tumika, usianze na injini. Najua masikio yenu nyinyi vijana yanaenda huko moja kwa moja. Mnapiga stata, mnainamisha kichwa, mnasikiliza, mnasema hii ni nzima. Injini mbovu itakuacha njiani, utasukuma, utafika nyumbani umechoka na umekasirika, lakini utafika. Anza nyuma. Chuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, mwambie mtu akanyage breki, utazame ule mkono mdogo wa chuma ulio pembeni ya drami, lile bakuli la breki katikati ya gurudumu. Ukivutwa ukasimama vizuri, ukakutana na rodi, ile fimbo nyembamba ya chuma inayotoka kwenye pedali, kama kona ya meza, una dalili njema. Ukipita hapo ukalala mbele, ujue viatu vya breki vimekwisha humo ndani. Na hata ukisimama vizuri, bado hujajua kitu. Mtu anaweza kuung'oa mkono huo, akaurudisha jino moja nyuma kwenye chuma chake chenye meno, akakaza, na breki iliyokufa ikaonekana kama imefungwa jana. Kwa hiyo fungua. Toa gurudumu, toa viatu, vishike.

Ni kazi ya dakika ishirini. Nimeifanya miaka mingi mpaka vidole vikaanza kutetemeka, na siku hizi hata vifungo vya shati nafungiwa na mke wangu. Nawaandikia kwa sababu ya siku moja ambayo sikuifanya.

Naitwa Asukulu. Kwetu ni Baraka, upande wa Fizi. Vita vilipotutoa kule mwaka wa tisini na sita, tulizunguka Tanzania kwanza, kisha tukaingia Uganda, na baada ya wiki kadhaa za kulala Kabazana, fasi ya mapokezi, familia nne ndani ya hema moja, tukapewa kiwanja Nakivale. Kilimo kilinishinda mapema. Nikaenda Mbarara kutafuta kibarua, na nilichokipata ni kuosha spea kwa petroli kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha mabati karibu na ukuta wa kambi ya jeshi.

Tulimwita Afande Opio. Alikuwa sajini mstaafu, fundi wa pikipiki tangu ujana wake, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi kama amri. Mwanzoni nilikicheka kimoyomoyo. Yeye alikicheka changu waziwazi. Alisema sisi Wakongo tunaimba badala ya kuongea.

Mwaka wangu wa pili aliniachia pikipiki ya askari mmoja iliyokuwa inalegea breki. Nikafanya wanachofanya wengi wenu mpaka leo: nikashika ile nati ya mwisho wa rodi, nikaizungusha mpaka pedali ikawa ngumu, nikafuta mikono. Afande akaja akauliza kama nimefungua. Nikamwambia haina haja, imekaza. Hakubisha. Aliniambia tu nipande niishushe mpaka karibu na daraja la mto Ruizi kisha nirudi.

Nilishuka kwa raha. Nilipokanyaga, pedali ilikuwa ngumu kweli, lakini gurudumu liliendelea kuzunguka kana kwamba halinijui. Niliishia ndani ya meza ya nyanya ya mke wa askari, mama mmoja mnene aliyenitukana kwa lugha tatu, moja baada ya nyingine, bila kupumzika. Afande alifika kwa miguu, polepole, akazinunua nyanya zote zilizopondeka, na wiki nzima tukala posho, ndio ugali wa huku, na nyanya tu, mchana na jioni. Kila tulipokaa kula ananisukumia sahani na kusema, "Kula. Hii ndio nati yako."

Baada ya hapo akanifundisha. Fungua kwanza. Usipulize vumbi la ndani ya drami kwa mdomo, litakaa kifuani. Tumia kitambaa chenye maji. Pima unene wa kiatu kwa ukucha: kikiwa chembamba kuliko ile ncha nyeupe ya ukucha wa kidole gumba, kitupe. Tazama kama kimekwisha sawasawa au upande mmoja tu. Paka grisi kidogo kwenye kile chuma kinachogeuka kusukuma viatu, kidogo kama unampaka mtoto dawa ya jicho, maana ikimwagika kwenye viatu umeua mtu. Hayo yote nilikuwa nayajua kabla sijatimiza miaka mitatu kwake. Nataka mkumbuke hilo. Nilikuwa nayajua.

Nilipokuwa fundi kamili, alinichukua muuzaji wa pikipiki zilizotumika pale mjini, Bosi Tumwine. Alikuwa na uwanja mpana wenye geti la kijani na meza moja ya kuandikia. Aliniambia anataka mtu ambaye wateja watamwamini, na kwamba Wakongo wa Nakivale wanaanza kununua pikipiki kwa wingi, nao watapenda kumkuta mtu wa kwao. Kazi yangu ilikuwa kukagua kila pikipiki kabla haijauzwa. Nikiridhika, naweka alama ya chaki juu ya tangi. Pikipiki isiyo na chaki haitoki getini.

Sitawaambia kwamba alikuwa mtu mbaya. Mke wangu alipojifungua kwa upasuaji, gari lililompeleka hospitali lilikuwa la Tumwine, na yeye mwenyewe aliendesha. Mwanzoni zilikuwa zinakuja pikipiki mbili, tatu kwa wiki, nami nazifungua zote, naye hasemi neno. Halafu boda zikawa nyingi, kila kijana anataka moja, na lori likaanza kushusha kumi na tano kwa mara moja. Tumwine hakuwahi kuniambia nisifungue. Alikuwa anapita tu, anatazama saa, anasema mteja huyu anatoka mbali, au yule ana haraka. Nikaanza kufungua moja na kuruka moja. Kisha nikawa nafungua ile tu niliyoishuku. Kisha nikawa nabonyeza pedali kwa mkono, natazama ule mkono wa chuma ukisimama vizuri, na chaki ipo mfukoni tayari. Ilichukua kama miaka miwili kufika hapo, na sikumbuki siku hata moja nilipokaa nikaamua.

Sasa nije kwa Mlondani.

Mlondani na mimi tulizaliwa Baraka, kwao nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulipokimbia, alimbeba mama yangu mgongoni siku mbili nzima, kwa sababu mimi nilikuwa nimebeba mtoto, na mama alikuwa hawezi tena kutembea. Hakuwahi kulitaja jambo hilo maisha yake yote. Ni mama aliyekuwa akilitaja. Pale Nakivale yeye aliweza kilimo. Alilima mahindi na maharage, akaimba kwaya sauti ya chini kabisa, na binti yake mkubwa, Neema, alikuwa na akili za darasani kiasi kwamba walimu walikuja nyumbani kumwomba baba yake asimwozeshe. Mlondani aliwacheka. Alikuwa hana mpango huo hata kidogo. Neema alipopata nafasi ya shule ya sekondari ya bweni huko Mbarara, baba yake akaamua kununua pikipiki, apeleke mazao sokoni na ampeleke binti shuleni mwenyewe.

Wauzaji walikuwepo hata karibu na Nakivale. Alikuja mpaka Mbarara kwa ajili yangu.

Siku hiyo aliipenda moja nyekundu. Niliikagua. Kwenye keria, huku na huku, rangi ilikuwa imekwanguka kwa umbo la nusu duara, na kwenye kona za kiti kulikuwa na harufu ya maziwa yaliyochacha. Kila fundi wa Mbarara anaijua alama hiyo. Ni pikipiki ya wabeba maziwa wa Bwizibwera, wanaofunga madumu makubwa ya chuma kila upande na kushuka vilima alfajiri baada ya alfajiri, na hakuna kinachokula viatu vya breki kama mzigo huo. Tumwine alimwambia Mlondani kwamba ilikuwa ya mwalimu wa shule. Niliyasikia. Niliiona keria, nikainusa harufu, nikabonyeza pedali kwa mkono, ikawa ngumu, ule mkono wa chuma ukasimama vizuri, nikaweka chaki.

Mlondani alikuwa amesimama karibu, ameshika kofia yake.

"Ndugu, weye umeiangalia?"

"Nimeiangalia."

"Basi. Mie nitaangalia nini tena?"

Nilimfundisha kuendesha Jumapili mbili kwenye uwanja wa mpira, nilipokwenda nyumbani. Hakuwa mwepesi. Alichanganya pedali ya breki, iliyo mguu wa kulia, na ile ya gia, iliyo kushoto, na Neema aliyekuwa akitazama alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alijifunza. Wiki tatu baadaye, siku ya kufungua shule, alimpakia Neema, wakafunga sanduku lake la bati kwenye keria, wakaondoka asubuhi.

Baada ya Kabingo kuna mteremko mrefu, wakati huo ulikuwa wa changarawe. Ng'ombe walikuwa wanavuka kule chini. Mlondani alikanyaga breki, pedali ikaenda mpaka chini, tupu. Akabana breki ya mbele, na breki ya mbele kwenye changarawe ni kuanguka. Yeye alivunjika mfupa wa bega. Neema aliangukia kichwa. Hakufika hospitali.

Watu waliokuwa pale walisema mwanamume yule alikuwa anakimbiza pikipiki. Wengine walisema ni mgeni wa pikipiki, alichanganyikiwa. Hakuna aliyesema breki, kwa sababu pikipiki ilikuwa imetoka kwa muuzaji anayejulikana, imekaguliwa.

Tulimzika Neema Nakivale. Baada ya mazishi, shangazi zake waliniomba niiondoe ile pikipiki pale nyuma ya nyumba, hawataki kuiona. Nikaipakia kwenye gari, nikaipeleka Mbarara, na siku iliyofuata, mchana, uwanja ukiwa mtulivu, nikafungua gurudumu la nyuma.

Kiatu kimoja kilikuwa kimebaki chuma kitupu. Cha pili kilikuwa na utando kama karatasi. Ndani ya drami, chini, peke yake, kulikuwa na kipande cha bati kilichokatwa kwenye kopo la mafuta ya kupikia, bado kina nusu ya ua la alizeti. Mnaojua kazi mmeshaelewa. Viatu vikiisha, kuna mafundi wanaokunja bati na kuliingiza kati ya kiatu na kile chuma kinachokisukuma, ili kiatu kisogee mbele kidogo na breki ishike tena. Inashika wiki, pengine mwezi. Siku bati likichomoka, huna breki kabisa. Na ule mkono wa chuma ulikuwa umerudishwa nyuma. Alama ya zamani ilionekana wazi pale ulipokuwa zamani. Sijui nani alifanya hayo. Pengine mbeba maziwa, pengine fundi wa njiani. Aliyekuwa na kazi ya kuyagundua namjua.

Nikampelekea Tumwine vile vipande mezani kwake. Alivitazama kwa muda, akaufunga mlango. Hakupandisha sauti. Alisema anasikitika kwa mtoto yule, na kwamba atatuma kitu kwa familia. Halafu akasema yeye si fundi; yeye anauza pikipiki zenye chaki, na chaki naishika mimi. Hakukosea.

Nikaenda kwa Afande Opio. Alikuwa amezeeka, macho yana ukungu, anakaa tu kwenye kiti chake pale pale karibu na ukuta wa kambi. Nilimwekea vile viatu mkononi, akavipapasa kwa kidole gumba. Nilitarajia atanikaripia kama zamani.

"Kama wewe hapana jua, mimi nasema bahati mbaya," alisema. "Lakini wewe najua. Mimi ndio nilifundisha wewe." Akanirudishia viatu. "Enda ambia huyo baba."

Sikwenda. Yaani nilikwenda, kila Jumapili ya pili, na sukari, na sabuni, na dawa ya bega lake, na sikusema. Kila mara nilijiambia bado ana maumivu, ngoja apone. Alipopona nikajiambia nisimtoneshe. Vile vipande nilivifunga kwenye mfuko wa plastiki, vikakaa chini ya kitanda changu Mbarara.

Mlondani aliacha kwaya. Aliacha kukaa na watu. Siku moja tukiwa shambani kwake aliniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama inawezekana mtu akanyage gia akidhani amekanyaga breki. Nikamwambia inawezekana. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kulima. Nimewahi kuwaza juu ya maneno yote niliyosema maishani mwangu. Hilo ndilo ningelirudisha kwanza.

Mwaka mzima ukapita. Mahindi yakavunwa mara mbili.

Jumapili moja nilikuwa nimekaa kanisani kwao, benchi la tatu. Wakati wa maombi Mlondani alisimama, akaomba mchungaji amruhusu. Akasema mbele ya watu wote kwamba yeye ndiye aliyemuua binti yake. Kwamba mguu wake ulikosea. Kwamba aliambiwa na kufundishwa, na bado alikosea. Akageuka upande wa akina mama, akamwomba mkewe msamaha. Mama Neema alikuwa ameinamisha kichwa na hakukiinua. Nikaelewa kwamba hata yeye, mwaka mzima, alikuwa anaamini hivyo, na alikuwa anampikia, anamfulia, na anaamini hivyo.

Nilikodi pikipiki kutoka hapo mpaka Mbarara, nikachukua ule mfuko, nikarudi. Jua lilikuwa bado juu. Mlondani alikuwa amekaa nje, mkewe anachambua maharage kwenye ungo. Nikakaa kwenye jiwe, nikavitoa vile vipande, nikaviweka juu ya kitambaa chini, na nikawaeleza. Kiatu kiwe namna gani. Bati ni la nini. Kwamba alikanyaga pedali ile ile iliyopaswa, na ilikuwa haina kitu. Kwamba nilipaswa kufungua na sikufungua. Nilieleza vibaya, nikirudiarudia, lakini walielewa.

Mlondani alikiokota kile kipande cha bati. Alikigeuza.

"Mguu haukukosea," alisema.

"Haukukosea."

"Kufungua ni muda gani?"

"Dakika ishirini."

Akakirudisha kile kipande juu ya kitambaa. Mama Neema alikuwa ameacha maharage, mikono yake imebaki hewani juu ya ungo.

"Ile siku tulikunywa chai," Mlondani akasema. "Karatasi zilikuwa hazijaandikwa. Tulikaa kazini kwako saa nzima, unaniuliza habari ya batu ba nyumbani."

Ni kweli. Tulikunywa chai na mandazi, na pikipiki ilikuwa imesimama hatua kumi kutoka tulipokaa. Nilikuwa nimejitetea moyoni kwa mwaka mzima kwamba siku ile kulikuwa na haraka.

Kisha akauliza neno ambalo sikulitarajia, ingawa ndilo lililokuwa la kuulizwa. Aliuliza nimejua lini. Nikamwambia wiki ya mazishi.

Akaniangalia. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Ningeijua, nimemfahamu tangu utoto. Akainuka, akamshika mkewe mkono, akamwinua, wakaingia ndani wote wawili na kufunga mlango. Nikamsikia Mama Neema akilia, na sauti ya Mlondani ikimwambia jambo lile lile, taratibu, tena na tena. Sikuweza kusikia maneno. Nilikaa pale mpaka kuku wakaja kwenye maharage, nikawafukuza, nikafunika ungo, nikaondoka.

Hakunikataza kwao. Lakini nilipokwenda Jumapili iliyofuata, mlango ulikuwa umefungwa na moshi unatoka jikoni, na nikajua wamo na hawatanifungulia. Alirudi kwenye kwaya mwezi huo. Nilimsikia kutoka barabarani. Miaka miwili baadaye familia yake ilipata nafasi ya kwenda kuishi nchi ya mbali, kama wengi wetu hapa, na ikasemekana karatasi zimechelewa, wakaendelea kungoja. Tukikutana njiani tulisalimiana. Alikuwa ananiuliza hali ya mama yangu kila mara. Hali yangu hakuniuliza.

Nilimrudishia Tumwine chaki yake. Nikahamia Nakivale, nikaweka mabati manne juu ya miti, nikaanza kutengeneza pikipiki za watu wa huku. Mambo yalibadilika wakati huo. Zilikuja breki za mbele za sahani, zinazoshika vizuri kuliko zote nilizowahi kuona, mkazipenda mkasahau nyuma. Vilikuja viatu vya bei ya chini, vyekundu, vizuri kwa macho, vinavyokwisha kwa miezi miwili na kukwangua drami ikawa na mifereji. Wauzaji wakaanza kutoa karatasi yenye mhuri badala ya chaki. Karatasi nzuri. Mimi nilikuwa na sheria moja: hakuna gurudumu la nyuma linalotoka kwangu bila kufunguliwa mbele ya mwenyewe, na mwenyewe ashike kiatu kwa mkono wake. Wengi walikasirika. Wengine walienda kwa fundi mwingine mwenye haraka. Niliwaacha waende.

Sikuwaandikia haya ili mnionee huruma, wala ili muwachukie wauzaji. Kuna wauzaji waaminifu, nimewajua. Lakini mtu akikuambia imekaguliwa, muulize nani amekagua, na alifungua nini, na mwombe akufungulie na wewe uone. Akinuna, mwache anune. Na wewe fundi, siku ambayo mteja atakuambia hana haja ya kuangalia kwa sababu upo wewe, hiyo ndiyo siku ya kufungua hata kama mvua inanyesha na bosi amesimama mgongoni.

Limebaki jambo moja, kisha nipumzike, maana mkono umechoka.

Mwaka mmoja kabla sijaacha kazi, asubuhi, pikipiki ilisimama mbele ya mabati yangu. Aliyeendesha ni kaka mkubwa wa Mama Neema, na nyuma yake alikaa Mama Neema mwenyewe. Kaka mtu alisema ameinunua juzi Mbarara, ina karatasi, imekaguliwa, ila dada yake amekataa kuipanda kwenda sokoni mpaka ipite hapa. Aliyasema kwa kuona haya kidogo. Mama Neema alishuka, akavuta benchi langu akaliweka karibu na gurudumu, akakaa.

"Fungua," alisema.

Nikafungua. Sikuwahi kufungua taratibu namna ile. Nikatoa ekseli, nikatoa gurudumu, nikainua kifuniko cha drami, nikatoa viatu viwili, nikavifuta, nikampa. Vilikuwa vizima, vimetumika nusu.

Alivishika kimoja kila mkono. Akauliza vile vya Neema vilikuwa vimebaki unene gani. Nikamwonyesha kwenye kile kiatu, kwa ukucha, pale ambapo unene ungekuwa umekwisha. Akaweka ukucha wake mahali hapo hapo, akauacha. Kaka yake alikwenda kando akajifanya anatazama barabara.

"Rudisha," akasema baadaye.

Nikarudisha. Nilipomaliza kukaza, hakuinuka. Aliniambia nizungushe gurudumu. Nikalizungusha kwa nguvu, naye akainama, akaibonyeza pedali kwa kiganja cha mkono. Gurudumu likasimama. Akaniambia tena, nikazungusha, akabonyeza, likasimama. Mara ya tatu vilevile. Ndipo akafuta mkono kwenye kitenge, akapanda nyuma ya kaka yake bila kuniaga, wakaondoka.

Nilisimama pale na spana mkononi, nikiisikiliza ile pikipiki mpaka ilipofika kwenye mteremko wa kuelekea sokoni. Nikasikia wamepunguza mwendo.